Homa Imekwenda, Mazishi Bado

Saa mbili asubuhi, Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kabla hajagusa chekeche, Nasifah anachota vumbi kidogo, analirusha juu na kutazama linaelekea wapi. Kisha anakaa, upepo ukiwa mgongoni, leso imefunga pua na mdomo, anaanza kuchekecha saruji iliyomwagika kutoka kwenye mifuko iliyopasuka.

Zamani hakufanya hivyo. Miaka sita alikaa ndani ya stoo, mlango umefungwa ili upepo usiibe saruji. Siku nzuri humpa shilingi elfu kumi na mbili, na ndizo zinazolisha watoto wake wanne.

Mwezi wa pili alishikwa na homa ya mapafu, akapewa dawa hospitali ya Bwera. Siku ya nne mwili ukapoa. Siku ya tano akarudi kwenye vumbi. Hapo ndipo alipokosea, na ndipo mama wengi wanapokosea: mkono unawekwa kwenye paji la uso, paji likiwa baridi, basi mtu amepona.

Wiki haikuisha, akabebwa kurudi hospitali, hawezi kumaliza neno moja bila kupumzika.

Alimlalamikia muuguzi Feresita kwamba dawa alizimeza zote, sasa kifua kimebana kwa nini? Muuguzi akavuta kiti.

"Mama, kwenu mutu akikufa, nani anashika jembe mbele hajazikwa?"

"Hakuna mutu, musawo," akajibu, kwa neno la huko la mganga.

"Basi mu kifua chako kulikuwa vita. Askari ya mwili walishinda, lakini wengi walikufa. Iko wengine, kazi yao ni kuzika."

Akamweleza kwamba wazikaji hao ni chembe kubwa za kinga. Humeza chembe zinazokufa kabla hazijapasuka na kumwaga sumu yake. Wakishameza, wao ndio hutoa habari kwamba vita vimekwisha, askari wengine warudi, na uvimbe unaanza kushuka. Vumbi likiingia wakati huo, wanaacha maiti, wanahangaika na vumbi.

"Wewe ulienda kulima," akamwambia, "na maiti iko bado uwanjani."

Nasifah anasema alicheka mpaka akakohoa.

Alilazwa siku tisa, akaambiwa akae wiki sita mbali na vumbi. Wiki ya tatu mwenye stoo, Tumwine, akapiga simu: malori mawili yamefika, asipoonekana Alhamisi, nafasi yake atapewa mwingine. Nasifah anakiri kwamba alishavaa viatu. Akavuta pumzi ndefu kujipima, ikakwama katikati.

"Bosi, kwangu iko musiba. Hatujazika."

Tumwine akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Alipoelezwa akasema tangu azaliwe hajasikia msiba wa kifuani, ila msiba ni msiba. Chekeche akalitundika ukutani, limngoje.

Wiki ya saba pumzi ilishuka hadi chini bila kukwama.

Sasa Nasifah anataka wachekechaji wote watano watoke stoo, wafanyie kazi chini ya kibanda kisicho na ukuta. Tumwine amekubali kutoa mabati. Nguzo wanatafuta wenyewe, mbili zimeshasimama.

Anapozionyesha, anatokea mwenzake Mariat, aliyekuwa na homa ya mapafu tangu wiki iliyopita. Jana ilipoa, leo amekuja na chekeche lake. Nasifah anamnyang'anya.

"Rudi nyumbani, mama. Homa imekwenda, mazishi bado. Mifuko yako nitaichekecha mimi."