Picha Iliyofichwa Chumbani Kwangu

Yule mwanamke wa kwenye picha nilimchukia tangu wiki ya kwanza. Alitundikwa sebuleni kwa madam, mwajiri wangu, mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, ndani ya fremu ya dhahabu isiyozidi ukubwa wa sinia. Mkulima wa Ulaya, kitambaa cheupe kichwani, aproni nyekundu iliyotariziwa, mganda wa ngano kwapani. Madam aliwaambia wageni kwamba mchoro ni wa karne ya kumi na tisa na kwamba hayo ndiyo yalikuwa mavazi ya wanakijiji wa huko Ulaya. Kisha anawaonyesha vidole vya mwanamke huyo vilivyopasuka. Tazameni mikono ya kazi ilivyo mizuri, anasema. Mimi nimesimama hapo na birika la kahawa, mikono imebabuka kwa dawa ya choo, na mikono hiyo alishaniambia niivalie glavu mbele za watu. Nimelima viazi kwetu Nyandarua tangu darasa la tatu, lakini kila asubuhi ni mimi wa kumpangusa vumbi mwanamke yule kwa brashi laini.

Mkataba wangu wa miaka miwili ulikuwa umekwisha miezi mitano nyuma. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu ya madam, na kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, asipokupa kibali cha kutoka nchini, huendi popote. Kila nikiuliza naambiwa bukra, kesho. Huku nyumbani binti yangu alishaanza kumwita dada yangu mama. Iliniuma mpaka nikawa silali vizuri.

Kila mara mama mkwe wa madam alipokuja kutoka Riyadh, picha ilikuwa inashushwa. Mama yule hakutaka sura ya mtu mahali anaposwali. Alisema malaika hawaingii. Basi picha inafichwa chumbani kwangu, nyuma ya godoro. Nani wa heshima zake angeingia chumba cha kadama, mtumishi wa ndani?

Safari moja mama mkwe aliingia, akitafuta pasi ya nguo. Akatoka ameishika picha kwa ncha za vidole, akauliza ni ya nani. Madam hata hakupepesa macho.

"Ni ya huyu Mkristo," akasema.

Miezi mitano ananizungusha, na sasa ananitwika makosa yake. Alinikodolea macho nikubali. Bosi, mume wa madam, alikuwa mlangoni, na alijua fika ni nani aliyeinunua.

Nikakubali. Nilisema polepole, kwa Kiarabu changu cha jikoni, nisikosee hata neno.

"Ndiyo, mama, ni yangu. Nampelekea mama yangu zawadi. Madam amesema nasafiri Ijumaa."

Mama mkwe akamgeukia madam, akamuuliza kama ni kweli. Madam alinitazama kama mtu aliyemeza mfupa.

"Ijumaa," akasema.

Mama mkwe akasema vizuri, na yeye haondoki Jeddah mpaka aone sanamu hiyo imetoka ndani ya nyumba ya mwanawe. Alhamisi pasipoti ikatoka kwenye sefu, na kibali tayari. Jioni madam akanifuata jikoni, akaninong'oneza eti nikifika uwanja wa ndege nimwachie dereva picha yake. Nikamwambia bukra.

Mpaka leo mwanamke yule ananing'inia jikoni kwangu, juu ya gunia la viazi. Akishika masizi, simpangusi.