Mtoto Aliyekataa Kutembezwa

Zamani, hapa Elisabethville, mji wa shaba wa Katanga, mwanaume alimgeuzia mama mkwe wake uso pembeni kwa heshima na hakumtamkia neno hata moja. Siku hizi wanakaa meza moja, wanagombania paja la kuku, na jambo hilo wanaliita maendeleo.

Chileshe alikuwa mtu wa zamani hiyo. Alifanya kazi kwenye tanuri la shaba, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, akaishi katika kambi ya wafanyakazi na mke wake Kasonde na binti yao mmoja, Mwansa.

Mtoto huyo alikuwa na kichwa kigumu tangu siku za kunyonya. Uji hakulishwa: alinyang'anya kijiko, akajipaka mpaka masikioni, lakini sahani akaimaliza. Neno lake la kwanza halikuwa baba wala mama, lilikuwa "Apana!" La pili, "Miye!" Ukimvika gauni, alilivua, akalivaa tena mwenyewe nyuma mbele, kisha akakuangalia kama hakimu. Chileshe akitoka zamu alikaa kizingitini kumtazama tu, na uchovu wa moto ukamtoka.

Jambo moja lilimnyima usingizi. Mwansa alipita umri wa miaka miwili bila kutembea. Ukimshika mkono, miguu yake ililegea kama kitambaa kilicholoa. Ukimwachia, alikwenda zake kwa magoti. Habari zilifika kijijini, upande wa Luapula, na mama yake Kasonde akapanda lori akaja. Wote walimwita Nkambo, yaani bibi. Kwa watu wao mtoto ni wa upande wa mama. Nkambo akisema anamchukua mjukuu akatibiwe miguu kijijini, baba hana la kujibu. Na hata angekuwa nalo, angelijibu kwa mdomo gani?

Jioni moja Chileshe alikuwa akila bukari, yaani ugali, na samaki, ameuelekea ukuta kama desturi ilivyotaka, kwa kuwa Nkambo alikuwa jikoni ng'ambo ya uwanja, na Mwansa akicheza miguuni pa bibi huko huko. Ghafla mkono mdogo ukapita begani kwa Chileshe, ukachota samaki. Aligeuka, mtoto akaketi papo hapo. Magoti yake yalikuwa safi. Nyayo ndizo zilikuwa nyekundu kwa vumbi.

"Anatembea," alimwambia mke wake. "Anatembea kama hatumuangalie."

"Yee, baba Mwansa! Unatafuta tu njia ya kumukatalia mama."

Jumapili Nkambo akashika jembe, akachimba shimo uwanjani. Ni dawa inayojulikana: mtoto mzito wa kutembea husimamishwa humo, ardhi imfike kiunoni, miguu ijue kazi yake. Majirani wakaja kutazama. Mwansa akatiwa shimoni. Hakulia. Walimwonyesha muwa, wakapiga makofi, wakaimba wakimwita aje.

"Kuya, mama! Kuya!"

Akakunja mikono.

Angélique, mke wa seremala wa jirani, akacheka: "Hii haiko kilema, hii iko chefu wa kambi! Inangojea tumupigie saluti!"

Nkambo hakucheka, akaonyesha kwa kidole upande wa kituo cha malori. "Imeisha. Kesho asubui kamiyo inaenda. Mutoto anaenda na miye."

Chileshe alikuwa amesimama pembeni, amewapa mgongo. Akauambia ukuta kwa sauti kubwa, ili Nkambo asikie:

"Weye ukuta, ambia bantu bote bageuke sawa miye. Basimuangalie mutoto."

Nkambo naye akakigeukia chungu cha maji. "Weye nyungu, tangu lini ukuta inatoa amri mu lupango ya bantu?"

Lupango yote, yaani uwanja mzima, ikaangua kicheko.

"Tugeuke tu, mama," Angélique akasema. "Ukuta ikidanganya, tutaichapa fimbo."

Wakageuka, Nkambo wa mwisho, akinung'unika.

Kisha udongo ukadondoka, na pumzi za mtu mdogo anayepanda kwa tumbo zikasikika. Chileshe hakugeuka, ingawa shingo ilimuuma kwa hamu. Halafu akazisikia nyayo. Hayakuwa magoti yanayokokotwa, zilikuwa nyayo, zikisita, zikiendelea, zikapita nyuma yake mpaka kwa Nkambo, na kitenge cha bibi kikavutwa.

"Nkambo! Toka!"

Mwansa alilitaka jembe, ambalo bibi alikuwa amelikanyaga. Lilimshinda uzito, akalitupa, akarudi shimoni kwa miguu yake na kuanza kulifukia kwa mikono miwili. Kila aliyekaribia kumsaidia alipata yake: "Apana! Miye!" Vigelegele vikaipasua kambi. Kasonde alilia huku akicheka. Nkambo akajibwaga mavumbini, akipiga mapaja.

"Weye nyungu," akasema alipopata pumzi, "ambia ule mwanaume: mutoto anabakia. Kule kwetu hakuna muntu wa kumuweza."

Leo watu hawajui kugeuka. Wanamkodolea mtoto macho mchana kutwa, kisha wanashangaa kwamba hana uamuzi wake mwenyewe.

Kesho yake Nkambo aliondoka peke yake, lakini alirudi kila kiangazi. Mara ya mwisho Chileshe kuwaona wawili hao pamoja ilikuwa kwenye kituo cha malori, Mwansa akiwa msichana wa shule, bibi akiwa mzee wa fimbo. Dereva alitaka kumweka Nkambo nyuma, juu ya magunia. Mwansa akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni, na hakusogea mpaka karani mmoja mwenye tai aliposhuka kwenye kiti cha mbele. Chileshe alikuwa ng'ambo ya barabara, uso pembeni, akitazama kwa pembe ya jicho. Nkambo akapandishwa, akaketi kama malkia, na Mwansa akaufunga mlango kwa nguvu zake zote.