Mwisho wa Matembezi ni Ebeneza

Mtu akikuambia Wamethodisti wa Bristol kule Uingereza hawana siri, mcheke kwanza, halafu mwonyeshe Hazel Cottle. Mama wa miaka sabini na ushee, koti la mvua rangi ya maharage, ambaye Jumamosi moja kila mwezi anasimama chini ya sanamu ya John Wesley, mwanzilishi wao, na farasi wake, pale uani kwa Chumba Kipya, kanisa lao la kwanza kabisa, akisubiri wageni wa kuwatembeza penye historia. Ukimtazama unasema huyu siri yake kubwa labda aliwahi kuchukua biskuti mbili badala ya moja. Kumbe mwenzako alimzika mume wake kwenye ua wa kanisa bila kumuuliza mtu.

Jumamosi hii ya Oktoba mkoba wake ulikuwa mzito. Ndani kulikuwa na bati la biskuti, tupu, limesuguliwa mpaka linang'aa, na koleo dogo la bustani lililofungwa kwenye taulo ya jikoni.

"Umebeba nini humo, matofali?" aliuliza Doreen Pobjoy. Doreen ni rafiki yake tangu shule ya Jumapili, na kwenye matembezi kazi yake ni kukaa nyuma kabisa na kizibao cha njano, kuhakikisha hakuna Mmethodisti anayepotelea madukani.

"Bati la biskuti."

"Hatimaye. Siku zote tunatembea na njaa kama wana wa Israeli."

"Siyo za kula."

"Biskuti siyo za kula. Haya. Nimeshawahi kula ulizooka mwenyewe, naelewa."

Hazel hakucheka, na Doreen akaliona hilo, lakini watu walikuwa wameshaanza kukusanyika.

Doreen mwenyewe, bila kujua, ndiye aliyeleta habari. Alhamisi, wakifuma soksi, alisema amepita Ebeneza, kanisa lao la zamani kule Totterdown, lililouzwa ili ligeuzwe nyumba za kupangisha. Fundi mmoja kamwambia Jumatatu wanamwaga zege uani, pawe pa kuegesha baiskeli. Alisema hivyohivyo, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Hazel akaweka kikombe mezani, kikakosa meza.

Maana nyuma ya Ebeneza, kando ya ukuta wa chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha kanisa joto, chini ya kichaka cha maua ya bluu, ndiko alikokuwa Cliff. Majivu yake. Na zege likishamwagwa, basi tena.

Cliff Cottle alikuwa fundi wa mabasi. Walianza uchumba kwa miguu, kama vijana wote wa makanisani siku zile: ibada ya jioni ikiisha unamsindikiza binti kwao, na kama unampenda unachagua njia ndefu. Hazel alikaa dakika chache tu kutoka kanisani. Cliff alimpitisha mpaka mtoni. Baba yake Hazel akawa anauliza, hivi huyu kijana haijui njia au anaijua sana?

Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa boila. Boila la Ebeneza lilikuwa kuukuu kuliko washarika wote, halikuwaka mpaka litukanwe, na mtukanaji wake alikuwa Cliff peke yake. Naye kwa vile ni Mmethodisti, matusi yake yalikuwa "we birika" na "we sufuria." Hazel akirudi kutoka kiwanda cha chokoleti, ananukia kakao, akikuta nyumba tupu alijua pa kumtafuta. Alimpelekea chai kule kule, wakakaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, miguu imeelekea joto.

Kifua kilipombana mwaka ule wa mwisho, Cliff alimwambia, "Niweke pale karibu na boila. Ila usiwaulize kamati."

"Lazima niwaulize."

"Hazel, mimi nimekaa kwenye kamati hiyo. Tulijadili rangi ya uzio mpaka uzio ukaoza. Ukiwauliza, watanijadili mpaka siku ya ufufuo."

Alicheka mpaka akakohoa. Basi, Hazel akafanya alivyoambiwa. Siku ya zamu yake ya kupanga maua madhabahuni, kanisani hamna mtu, alichimba kwa koleo lilelile dogo, akammimina, akafukia, akapanda maua ya bluu juu. Toka hapo kila Jumapili baada ya ibada alitoka nje "kumwagilia." Watu wakamsifu, Hazel anapenda maua jamani.

Halafu Ebeneza ikafungwa. Paa lilivuja na washarika waliobaki wangeenea kwenye makochi mawili. Siku ya kikao cha mwisho, mchungaji msimamizi, dada mmoja mwenye roho nzuri, alipitia kitu kimoja kimoja: mimbari inakwenda wapi, piano nani anaitaka, vile vijiglasi vya meza ya Bwana apewe nani. Akafika mwisho, akauliza, "Kuna jambo lingine lolote?"

Hazel alifungua mdomo.

Sasa, Wamethodisti wa kule wana ugonjwa wao mmoja: hawapendi kusumbua. Anaweza kuanguka ngazini, damu inamtoka, ukimkimbilia anakwambia endeleeni tu, msipoteze chai. Hazel alitazama macho ya wenzake, yote yameelekea kwenye birika kubwa linalochemka. Akamfikiria Cliff akiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama jambo la nne, baada ya viti. Akafikiria wataulizana nani alimruhusu. Akafunga mdomo.

"Hakuna," mtu mmoja akasema, na chai ikanywewa.

Ndiyo maana alijitolea kuongoza matembezi. Njia yenyewe ilikuwa fupi: Chumba Kipya, nyumba ya Charles mdogo wake John, mahali pawili patatu, mwisho. Hazel akaiongezea Ebeneza. Hakuna aliyemwelewa. Ni kupita stesheni ya treni, halafu kupanda mlima ule wa Totterdown unaokata magoti, uonyeshwe kanisa dogo lililozungushiwa mbao. Lakini akisimama kwenye ukingo wa barabara, kwa juu ya zile mbao, aliona ncha ya kichaka. Akawaeleza wageni habari za Ebeneza kwa sauti kubwa kidogo. Wageni wakadhani ni kwa ajili ya wazee wasiosikia.

Mwezi uliopita msimamizi wa mafundi alitoka akawakuta wamejipanga pale kama foleni ya maji. Gary, kitambi, kalamu sikioni. Na Bristol kila mtu ni mpenzi wa kila mtu, hata dereva wa basi akikurudishia tiketi. "Vipi, mpenzi wangu," akamuuliza Hazel, "mnatafuta kitu?"

"Hapana, tunaangalia tu."

Ijumaa, baada ya habari ya Doreen, alimpigia Gary simu. Asubuhi nzima alifanya mazoezi ya sentensi moja akiiambia friji: mume wangu yuko uani kwenu, naomba nije nimchukue. Friji ilielewa vizuri. Gary alipopokea, kilichomtoka Hazel mdomoni ni kwamba wana kikundi cha urithi wa kanisa, na wangependa kuona ndani mara moja ya mwisho. Gary akasema njooni, dakika kumi, chungeni vichwa. Mpango ukawa huo. Watu watazame mimbari isiyokuwepo, yeye azunguke nyuma na koleo lake.

Jumamosi yenyewe basi aliwakimbiza. Kulikuwa na mchungaji mstaafu kutoka Ohio, Marekani, pamoja na mkewe; mzee mwenyewe mtu wa maswali, amesafiri kote huko ashike kuta za Wesley alizozisoma vitabuni maisha yake yote. Walipofika nyumba ya Charles, Hazel alionyesha mlango bila kupunguza mwendo.

"Hatuingii?" mzee wa Ohio akauliza.

"Charles hayupo," Hazel akasema.

Doreen akapaza sauti kutoka nyuma. "Hazel, hao ni watu, siyo mbwa wa mashindano."

Wakapita kanisa ambalo sasa linauza mazulia. Mzee akauliza lilikuwa la nani. Hazel akasema la Wamethodisti, sasa la mazulia, tuvuke hapa taa ni ya kijani. Mlimani walipanda wakihema, mke wa mzee kamshika Doreen mkono, Doreen anamwambia usijali mama, John Wesley alikuwa na farasi, sisi tuna Hazel.

Gary aliwagawia helmeti mlangoni. Walipokwisha kuingia wote, wakiinua shingo kutazama dari, Hazel alipita pembeni, akafuata ukuta, akakata kona.

Hakukuwa na ukuta wa boila. Hakukuwa na maua. Hakukuwa na udongo. Palikuwa na kokoto zilizoshindiliwa, zimesawazishwa kama meza, na juu yake nondo nyembamba zimefumwa tayari kwa zege. Redio ya mafundi ilikuwa inapiga muziki juu ya ndoo.

Alisimama na mkoba wake. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeshukia kituo siyo chake.

"Huko hapana, mpenzi, utajikwaa," Gary alisema akija.

"Ule ukuta uko wapi?"

"Wa kile kibanda cha boila? Tulishauvunja. Wiki juzi."

"Na udongo?"

"Tumeuchimba mpaka usawa wa kiuno hivi. Mizizi mitupu. Ukapakiwa lori."

"Lori lilikwenda wapi?"

Gary akakuna kidevu. "Avonmouth, kule wanakochanganya udongo wa kila mahali. Ukishafika kule ni udongo tu, unakwenda popote. Chini ya barabara, chini ya maduka. Kwani maua yalikuwa yako?"

Watu walikuwa wameanza kutokea kwa nyuma, Doreen mbele yao na kizibao chake, mzee wa Ohio na kamera. Gary alikuwa amempa jibu mkononi. Angesema ndiyo, maua yangu, pole, asante, na wangeshuka mlima.

"Alikuwa mume wangu," Hazel akasema.

Gary alinyoosha mkono akazima redio. "Sijakuelewa."

"Majivu yake. Yalikuwa pale kando ya ukuta, chini ya maua. Nimekuja kumchukua." Akafungua mkoba, akatoa bati, kana kwamba wanataka ushahidi.

Gary akavua helmeti, yeye mwenyewe aliyekuwa anawagombeza watu wasivue. Akatazama kokoto, akatazama bati. "Mwezi uliopita ulisimama pale nje," akasema taratibu. "Nilikuuliza kama mnatafuta kitu."

"Uliniuliza."

"Ukuta ulikuwepo. Kila kitu kilikuwepo." Safari hii hakusema mpenzi. "Mama, ungeniambia. Ule udongo ningeutoa kwa mikono yangu hii."

"Najua ungeutoa. Sikutaka kukusumbua."

Gary akakosa pa kuweka mikono. Akasema pale kona ya mbali kuna udongo wa zamani umebaki, ni wa ua huu huu, angeweza kumjazia kidogo. Hazel akasema asante sana, wewe ni mtu mwema, lakini huyo siye. Akasema kwa adabu zote, kama anavyokataa keki.

Doreen alikuwa amesogea. "Cliff?" akauliza. "Cliff alikuwa hapa? Uliniambia umemmwaga baharini."

"Nilidanganya."

"Mimi nilipokatwa titi ni wewe uliyenifunga sidiria, Hazel. Mimi sina ninachokuficha. Na hili ukanificha mimi."

"Ungewaambia kamati."

"Ningewaambia," Doreen akasema. "Tena kesho yake. Na wangemjadili, wangejadili, tungetamani kulia. Na leo angekuwa hapa na kibao chake na jina lake, na hao mafundi wangempita pembeni."

Hazel akatikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu, haraka, kama anaambiwa bei ya kitu. Halafu uso ukamkunjika. Alilia akiwa amesimama wima, bati amelikumbatia, na hata kulia kwake akajitahidi kusifike mbali. Doreen alimwangalia kwanza, bado ana hasira, halafu akamvuta, helmeti zao zikagongana.

Mzee wa Ohio alisogea akauliza kwa upole kama wangependa waombe. Hazel akasema baadaye, baba. Mkewe akaokota koleo lililodondoka kutoka mkobani, akalifunga tena kwenye taulo, vizuri, pembe kwa pembe.

Wakarudisha helmeti. Hapo ndipo ilipoonekana shida nyingine: hakuna mgeni aliyeijua njia ya kurudi mjini. Wageni wote walikuja wakifuata mgongo wa Hazel. Walisimama kwenye ukingo wa barabara, wanamtazama na hawataki kumtazama. Hazel akapenga kamasi, akasema twende basi, tunashukia huku. Safari hii Doreen alitembea mbele pamoja naye, mkono kwa mkono, na nyuma hakukuwa na mtu wa kuhesabu waliobaki.

Chini, kwenye barabara kuu ya kwenda mji wa Bath, walifika penye taa za kuvukia. Doreen akabonyeza kitufe. Magari yakasimama, mtu wa kijani akawaka, mzee wa Ohio na wenzake wakavuka wote mpaka ng'ambo.

Hazel hakuvuka. Kwenye mstari wa magari yaliyosimama kulikuwa na lori la udongo, limejaa mpaka juu, turubai halikufunika vizuri. Alikuwa analitazama. Taa ikabadilika, lori likaondoka, udongo kidogo ukadondoka barabarani, na yeye akaligeukia na shingo yake yote mpaka likapotea kwenye kona.

Ng'ambo wageni walikuwa wanasubiri. Doreen akabonyeza kitufe tena.