Jinsi Rada Ilivyomwona Cucu wa Tetu

Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kugawa mawimbi ya redio, sikuwahi kuyaona. Niliyajua kwa majedwali: bendi hii ya simu, hii ya ndege, hii ya polisi. Wajibu wangu ulikuwa kuhakikisha hakuna anayemwingilia mwenzake. Magari yenye rada yalipoanza kuingia nchini kwa wingi, ofisi yetu iliandika rasimu ya kanuni za kuyatengea bendi yake, na sheria ikatutaka tuwapelekee wananchi watoe maoni. Nikatumwa Tetu pamoja na mkuu wangu, mhandisi mpole aliyebakiza miezi michache astaafu.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Walikuja wakulima, madereva wachache, na mwuza magari mmoja kutoka Gatitu. Nilieleza kwamba rada hukaa nyuma ya bampa, hutuma mawimbi mbele, na mawimbi yakigonga kitu hurudi, gari likajua kitu hicho kiko umbali gani. Kisha nikasoma rasimu, kifungu baada ya kifungu. Walinisikiliza kwa adabu, kama watu wanaosomewa matangazo ya harusi ya wasiowajua.

Ndipo cucu mmoja, nyanya aliyevaa sweta mbili, akainua mkono.

"Mimi hupeleka maziwa kila asubuhi, kabla ukungu haijatoka," alisema. "Hiyo kitu inaweza kuniona?"

Nikafunua karatasi zangu. "Kulingana na viwango vya..."

Mkuu wangu akanigusa kiwiko. "Usimjibu kwa karatasi," alininong'oneza. Kisha akamgeukia yule mama. "Cucu, kesho tutaleta gari kwa barabara yenu tujaribu. Utakubali?"

"Mimi nitakuwa huko hata msipokuja," alijibu.

Asubuhi tuliegesha gari letu la majaribio kando ya barabara, tukazuia magurudumu kwa mawe. Tulikubaliana kwamba cucu aanze kutembea kutoka kwenye kona, apite kwenye nyasi, aje upande wetu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuuona ua wa miiba ya kayaba uliokuwa hatua kumi mbele. Niliketi ndani ya gari na kompyuta mapajani, imeunganishwa na rada. Skrini, tuliyoiweka ionyeshe vinavyosogea tu, ilikuwa nyeusi tupu.

Halafu nukta ikatokea.

Haikutulia. Ilipanuka, ikasinyaa, ikapanuka tena. Nilidhani kuna hitilafu.

"Hiyo ni miguu yake," mkuu wangu alisema polepole. "Mguu unaoenda mbele una mwendo wake, na ule ulioko chini una wake. Rada inaona yote miwili."

Nikainua macho nikatazama kioo cha mbele. Weupe mtupu. Nikarudisha macho kwenye skrini: mwanamke alikuwa akitembea, na niliweza kuhesabu hatua zake. Vinyweleo vilinisimama mikononi. Majedwali niliyoyajaza miaka yote yalikuwa na mtu ndani yake.

Kulikuwa na jaribio moja lililobaki. Tulikuwa na kifaa kidogo, kisichoruhusiwa kuuzwa, kinachorusha mawimbi katika bendi ile ile. Nikakiwasha. Skrini ikajaa vumbi la nuru kutoka pembe hadi pembe, na cucu akatoweka. Nilijua yuko. Nilianza hata kusikia mkebe wake wa maziwa ukigongana na kifuniko. Lakini kwa gari lile, barabara haikuwa na mtu. Nilikizima haraka, naye akarudi, karibu zaidi, akitembea vile vile.

Alipofika dirishani aliweka mkebe chini.

"Mliniona?"

"Tulikuona, cucu. Tangu kule kwa kona."

"Mpaka mwisho?"

Sikuweza kumdanganya. "Kuna mahali ulipotea. Niliwasha kifaa kingine makusudi, kikaivuruga rada."

Aliinama, akaweka kiganja kwenye bampa, jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe mgeni.

"Na hiyo kifaa, mtu anaweza kuwa nayo tu?"

"Ndiyo maana tunaandika kanuni."

"Basi andika vizuri," alisema, akachukua mkebe wake akaenda.

Niliandika maneno yake kwenye fomu ya maoni jinsi alivyoyasema, na nikaongeza kifungu cha kukataza vifaa vile karibu na barabara. Baadaye mawakili walikirefusha, lakini kilipita.

Siku ile tulirudi Nairobi mchana. Njiani, pale Kenol, magari yalikuwa yamejaa pande zote, yakipishana, na kati yao niliona hewa tu, ile ile niliyoiona maisha yangu yote. Mkuu wangu aliniuliza mbona nimegeukia dirisha. Nikamwambia natazama. Hakuniuliza natazama nini.