Kilatini Changu na Majina ya Shangazi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Maji yalikuwa yamekupwa sana, mwamba wa Kuruwitu uko wazi, nami ni msichana aliyemaliza shule akapata kazi ya kuwaandikia wageni waliokuja kuchunguza bahari majina ya viumbe wake. Walinipa kitabu cha majina ya Kilatini. Nilikikariri chote, maana nilikuwa na kichwa chepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

Sitasema uongo, Kilatini kilinipendeza. Ng'amba, yule kasa mwenye gamba la thamani, wamempa neno imbricata, yaani aliyeezekwa vigae. Mtazame mgongoni, ndivyo hasa. Kumbe kila jina lina mtu aliyekaa akatazama.

Siku hiyo nilifuatana na shangazi yangu Mwanamkuu, aliyenilea, na aliyekuwa akichokoa pweza mwambani tangu ujana wake. Aligeuza jiwe, akatuonyesha kilichoko chini, akatamka jina na sababu ya jina, kisha akalirudisha jiwe kama alivyolikuta. Akaokota kauri moja kubwa. Kabla hajamaliza kusema jina lake na sababu yake, nikamkatiza mbele ya wageni.

"Shangazi, hayo ni maneno ya wazee tu. Jina lake la kweli ni tigris, maana yake simbamarara."

Akaigeuza kauri mkononi. "Simbamarara si ana milia? Huyu mbona ana madoa?"

Wageni wakacheka. Badala ya kucheka nao, nikaona nimeaibishwa. Nikamwambia yeye hakusoma, atajuaje.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, mwalimu. Waambie wewe." Akaiweka kauri chini, akarudi nyumbani peke yake.

Tangu hapo aliendelea kunipikia na kuniuliza hali, lakini jina hata moja hakunitajia tena. Nami, kwa ukaidi wangu, sikumuuliza. Nilipopata kazi Mombasa nilijiambia nikirudi nitamwomba radhi. Nikarudi kumzika.

Sasa niko hapa Mambrui. Wanangu wa kuzaa wako Uarabuni, wanapiga simu sikukuu. Juzi alikuja binti wa jirani, anayesomea mambo ya bahari, akaniamkia, akaketi nami barazani na daftari lake. Nikampa majina ya Kilatini na maana zake, moja moja, naye akaandika kwa furaha. Kisha akauliza, "Na sisi, bibi, twawaitaje?"

Machache nilimpa. Mengine nilitafuta kichwani nikakuta hayamo, naye kwa adabu akafunga daftari. Alipoondoka nililia, wallahi, kama niliyefiwa jana. Najua maneno ya lugha ambayo hakuna mama anayembembelezea mwanawe, na ya mama aliyenilea sinayo.

Basi nakuusia, mwanangu. Kilatini kisome, kina utamu wake. Lakini aliye kwenu na anayejua, mwendee leo, keti, msikilize, usimsahihishe mbele za watu. Na kama mdomo wako umeshamuumiza, mwombe radhi angali anakusikia. Mimi naomba kila siku, na hakuna wa kunijibu.

Mungu akupe umri mrefu wenye heri. Na ukiufikia uzee huu wangu, akuletee mtu wa kukuuliza, na jibu uwe nalo.