Maharagwe Thelathini ya Vitabu

Juzi nilikuwa nachambua maharagwe hapa kwangu mtaa wa Fedha, punje moja ikaniponyoka ikaangukia ndani ya mkebe mtupu. Ta! Mlio mdogo tu, mkavu. Nikaacha kuchambua. Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kukaa bure, hasa mbele ya maharagwe niliyoyabishania sokoni nusu saa nzima. Lakini mlio ule nikiusikia mwaka ukielekea kuisha, huwa sijui pa kuuweka uso wangu.

Tuliishi mtaa wa Jericho wakati huo, miaka ile watu wazima walipohimizwa warudi darasani. Masomo hayo yaliitwa ngumbaru, na sisi watoto tulilitamka neno hilo tukiwa tumeziba midomo kwa kicheko. Mama aliuza sukuma wiki sokoni. Januari moja akaanza kufunga kibanda saa tisa alasiri, anajitanda leso safi, anaenda ukumbi wa mtaa kujifunza a, e, i, o, u na wanawake wenzake kumi na mmoja. Mimi nilikuwa darasa la sita, nasoma hata gazeti lililofungiwa nyama kabla nyama haijatolewa. Nilijiona profesa.

Siku moja akarudi na chaki kwenye vidole, akaketi.

"Maitu," akaniambia. Yaani mama yangu, kwa lugha yetu. Ndivyo alivyoniita kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mwaka huu ukiisha nitakuwa nimesoma kitabu kimoja. Chote. Na wewe je?"

"Thelathini," nikasema.

"Punguza."

"Sipunguzi."

"Punguza, maitu, hata ishirini si vibaya."

"Thelathini, na ukizidi kuniuliza napandisha."

Akacheka, akatwaa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha, akausugua kwa majivu hadi ukang'aa. Patano likawa hili: kila kitabu kikiisha, punje moja ya haragwe ndani ya mkebe. Zangu nyekundu, yake nyeupe. Siku ya mwisho ya mwaka tutazimwaga kwenye githeri ya mahindi na maharagwe, tule tulichosoma.

Hadi Juni nilikuwa na punje kumi na moja, zote halali. Baadaye kukawa na kamba ya kuruka, kukawa na kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na maktaba ndogo ya mtaa ikawa na vitabu ambavyo kwa maoni yangu vilikuwa na kurasa nyingi kupita kiasi. Ndipo nikamwendea Halima wa mlango wa tatu, ambaye alisoma huku akitembea, huku akila, huku akipigiwa kelele na mama yake. Yeye asome, anisimulie, nami nimlipe mandazi. Vitabu viwili vya kwanza nilimpa andazi zima. Nikaona ananipunja, nikamshusha hadi nusu. Halima hakubishana. Akasimulia mpaka mwizi ameingia dirishani, akanyamaza.

"Halafu?"

"Halafu nini? Nusu mandazi, nusu hadithi."

Kwa njia hiyo nikapata punje kumi na mbili, na mpaka leo kuna wezi kumi hivi nimewaacha madirishani. Desemba ilipofika, Halima akasafiri kwa nyanya yake Mombasa, nami nimebakiza saba. Hizo saba nilizipata kwa wiki mbili: ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, ta! Kumi na moja, kumi na mbili, saba. Nimehesabu tena sasa hivi. Ni thelathini.

Kila punje ilipoanguka, mama alisimamisha mkono kwenye sufuria. "Kilikuwa kizuri?"

"Kizuri."

"Haya." Na uso wake unang'aa kama mkebe.

Yeye alimaliza chake mwezi wa Novemba, kijitabu cha ufugaji wa kuku, na kuku mwenyewe hakuwa naye. Sokoni alikisoma nyuma ya mafungu ya sukuma, kidole kikitambaa chini ya mstari, na mteja akiita anaambiwa, "Ngoja nifike kwenye nukta." Aliiangusha punje yake nyeupe. Akafunga mlango, akacheza peke yake.

Siku ya mwisho ya mwaka, asubuhi, mahindi yalikuwa yanachemka kwenye jiko la makaa. Mama akatoa kitabu chini ya leso. Kilikuwa changu cha mwisho cha maktaba, kile cha mchuuzi wa maji na punda wake. Ukurasa wa kwanza mchuuzi anamnunua punda; wa mwisho anaingia mjini kwa miguu, anaimba.

"Nimekisoma siku kumi na moja," akasema, akaingiza punje nyeupe ya pili. Ta! Kisha akavuta kigoda karibu nami, karibu kabisa, kama wanawake wanavyosogeleana kukiwa na habari. "Hebu niambie, maitu. Pale punda alipokataa kuvuka mto, wewe ulifanyaje?"

Nikapiga hesabu haraka. Punda, mto, mchuuzi anaimba mwishoni. "Nilicheka," nikasema. "Nilicheka sana!"

"Ulicheka?"

Akakifungua kitabu katikati. Kurasa nne zilikuwa na alama ya uji, zimekunjamana kama kitu kilicholoa kikakauka. "Hizi zilikuwa zimeshikana. Nilizifungua kwa mvuke wa chai, polepole, zisichanike." Akazilainisha kwa kiganja. Niliona kidole chake kimesimama mahali ambapo wino ulikuwa umevujia kidogo, na halikuwa tone la chai.

Mahindi yalichemka. Mama akanitazama, halafu akatazama sufuria, akasema kwa sauti ile ya kumpunguzia bei mteja aliyepungukiwa, "Labda zilishikana baada yako, eh?"

"Ndiyo," nikajibu. "Baada yangu."

"Haya." Akasimama, akarudisha kigoda mahali pake, akamimina mkebe kwenye sufuria.

Tulikula mchana. Zile nyeupe mbili alizitafuta kwa kijiko, akanipakulia moja. Zangu zilikuwa zimechanganyika, za halali na za haramu, haikuwezekana kuzichambua.

Kwa miaka mingi niliamini alikuwa ananitega, na nilimchukia kidogo kwa ajili hiyo. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nilipokiona kile kigoda tena akilini, jinsi alivyokivuta. Hakukuwa na mtego. Mama yangu alikuwa amelia peke yake sokoni kwa ajili ya punda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kitabu cha kuzungumzia. Akaja kwangu, kwa sababu alidhani mimi tayari nilikuwa nimefika kule na nilikuwa namngoja.

Na mimi, ambaye sijawahi kukubali bei ya kwanza kwa mtu yeyote, ile aliyonitajia asubuhi hiyo, "baada yako", niliikubali bila kubishana.