Utosi wa Baba

Kazi yangu ni ya uwakala wa mizigo pale Kasumulu, mpakani. Siku nzima najaza fomu za watu wengine, kwa hiyo rafiki yangu aliponivuta kwenye darasa la kuandika kumbukumbu, Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa Mbugani, nilikwenda shingo upande.

Mwalimu alikuwa dada mmoja mpole, mdogo kwangu kwa umri. Alitupa karatasi na vipande vya mkaa akasema, "Leo hatuanzi na maneno. Kila mtu achore nyumba aliyokulia, kisha aandike jambo moja alilowahi kuliona akiwa ndani yake."

Sikuhitaji kufikiri. Nina jambo moja nililolibeba tangu nikiwa na miaka sita. Mwaka huo mto ulifurika, maji yakaingia nyumbani kwetu Ipinda asubuhi, na baba akabeba cherehani akatoka nayo. Mimi akaniacha nalia. Alirudi kunichukua baadaye. Hadithi hiyo nimewasimulia mume wangu, wanangu, hata wafanyakazi wenzangu, na kila mara huimalizia kwa kusema: ndivyo nilivyojua thamani yangu. Baba alikufa bila mimi kumuuliza.

Niliandika haraka. Mwalimu akapita, akasoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Umeandika kwamba alipokuwa anatoka na cherehani begani, uliuona utosi wake, umeanza upara."

"Ndiyo, naukumbuka vizuri."

"Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa umesimama wapi?"

Nikatazama mchoro wangu. Nilichora mlango, kitanda na jiko. Mtoto wa miaka sita aliyesimama sakafuni haoni utosi wa mtu mzima. Nilikaa na ule mkaa mkononi mpaka wenzangu wakaanza kukusanya vitu vyao.

Kesho yake, baada ya ibada, nilipanda gari kwenda Ipinda kwa mama. Nilimkuta anaanua kakao. Nikamwamkia, nikamsaidia kukunja mkeka, ndipo nikamwonyesha karatasi.

"Mama, siku ile ya mafuriko mimi nilikuwa wapi?"

Akaiangalia sana. "Hujachora dari," akasema. "Hapa, juu ya jiko, kulikuwa na dari ya mianzi tulikoweka mpunga. Baba yako alikupandisha huko kwanza, akakukalisha juu ya magunia. Ulikuwa mahali pakavu kuliko sisi wote."

"Na cherehani?"

"Nilimtuma mimi. Nilikuwa nje na mdogo wako mgongoni, nikampigia kelele ailete, maana ndiyo iliyokuwa inatulisha." Akanirudishia karatasi. "Alirudi kukuchukua maji yakiwa kifuani. Na baba yako hakujua kuogelea, mwanangu. Alikuwa anaogopa maji mpaka anakufa."

Nilijiona mjinga, na nilimwonea baba huruma, na pia nilikasirika kidogo kwamba hakuna aliyewahi kuniambia. Mama alisema hakujua kama nilikuwa na swali.

Wiki mbili nilishindwa kuandika. Mwishowe nilichora upya nyumba, nikaweka dari, nikaandika yote kwa kusimama mahali pa baba: miguu yake ikitafuta sakafu asiyoiona, mtoto analia juu ya kichwa chake, mke anaita nje. Sehemu ya yeye kurudi ndani niliiandika mara nyingi kuliko zote, kwa sababu ilinibidi niogope pamoja naye.

Nilimsomea mama kibarazani. Alisikiliza ameinamisha uso. Nilipomaliza akasema, "Ndaga," yaani asante, kwa sauti ndogo. Kisha akauliza kama naweza kumwachia ile karatasi yenye mchoro mpya. Nikamwachia.